Tamathali za semi na aina za riwaya: mwongozo wa kuanzia kwa wasomaji wa Tanga

Maswali ni yale yale kila shule zinapofunguliwa na kila kikundi cha kusoma kinapopata watu wapya. Sitiari na tashibiha zinatofautianaje? Kejeli na kinaya ni kitu kimoja? Riwaya ikiwa na mzimu ndani, ni ya kutisha au ya nini? Na lile lisilokosekana: nimekariri majina yote, mbona nikipewa ukurasa sioni kitu?

Mwongozo huu unajibu hayo kwa mazoezi. Unamfaa mwanafunzi wa sekondari, na unamfaa pia mtu mzima anayetaka kuandika hadithi zake. Lishike moja tangu mwanzo: kujua jina la mbinu ni nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi. Nusu nzito ni kueleza mbinu hiyo inafanya kazi gani pale ilipowekwa. Aina ya riwaya nayo itafute kwenye swali linalomfanya msomaji aendelee kufunua kurasa. Vitu vilivyomo ndani, iwe bastola, barua ya mapenzi au jini, vitakudanganya mara nyingi.

Kabla ya kuanza, andaa hivi

- Kaunta buku moja. Gawa kila ukurasa safu tatu: *Maneno yenyewe*, *Jina*, *Kazi*. Safu ya tatu iwe pana kuliko mbili za kwanza zikijumlishwa, maana ndiko utakakoandika zaidi.
- Penseli moja na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Karatasi moja ya manila. Ikate katikati, kila nusu ikate katikati tena, endelea hivyo mara 5. Utapata kadi 32.
- Hadithi fupi moja ya kurasa 5 hadi 10, nakala yako mwenyewe au fotokopi unayoweza kuichora. Usianze na riwaya nzima.
- Riwaya mbili za aina tofauti. Ukiwa mjini, pitia Maktaba ya Mkoa kabla hujanunua.
- Kamusi ya Kiswahili. Ya karatasi ni bora, kwa sababu simu ikishafunguliwa zoezi limekwisha.
- Dakika 40 kwa siku, siku 5 za wiki. Hatua ya 1 hadi ya 4 huchukua wiki mbili hivi. Zilizobaki wiki tatu au nne.

Hatua ya 1: Anza na tamathali kumi tu

Vitabu vya shule huorodhesha tamathali nyingi, ndiyo maana watu huzikariri na kuzisahau. Kumi hizi zitakutosha kwa kurasa nyingi utakazosoma: tashibiha, sitiari, tashihisi, mubalagha, tafsida, kejeli, takriri, tashtiti, tanakali za sauti na ritifaa. Kila moja iandikie kadi. Upande mmoja jina, upande wa pili mfano uliotunga mwenyewe. Mfano ulionakili kitabuni utaukumbuka kama wimbo, bila kujua umetokeaje.

Mifano itoe kwenye unachokiona. Mkono wa mzee mkavu kama singa za mkonge, hiyo ni tashibiha. Upepo wa kusi ulibisha hodi usiku kucha, tashihisi. Samaki walikuwa wengi hata bahari ikabaki tupu, mubalagha. Jiwe likaingia majini chubwi, tanakali ya sauti. "Bwana Saidi ametutoka" ni tafsida. "Nani asiyejua kwamba masika hunyesha?" ni tashtiti, kwa sababu muulizaji hataki jibu. "Ewe bahari, umempeleka wapi mwanangu?" ni ritifaa: anayesemeshwa hayupo, amekufa, au ni kitu kisichoweza kujibu. Takriri ni kurudia neno au sauti kwa makusudi; sitiari na kejeli utazikuta na mifano yake kwenye hatua ya 4.

Ukikwama, chungulia kanga zilizomo nyumbani. Chukua tano, soma majina yake, na ujiulize kila jina linamlenga nani na limejificha nyuma ya nini. Utakuta vijembe, sitiari na kejeli vimeshonwa vizuri kuliko kwenye vitabu vingi vya mazoezi. Barazani kwenye kahawa nako mubalagha haikosekani, ila huko sikiliza tu. Daftari acha nyumbani.

Hatua ya 2: Soma aya moja mara tatu

Chagua aya ya mistari 10 hadi 15.

Mara ya kwanza soma bila kalamu, kama msomaji wa kawaida.

Mara ya pili pigia mstari kwa penseli kila mahali lugha ilipokushtua kidogo: neno lisilotarajiwa, sauti inayojirudia, sentensi inayosema kitu kisichowezekana. Usitaje jina lolote bado. Hapa wengi huharibu. Hukimbilia kuwinda sitiari, wakaziona hata zisipokuwepo, huku takriri nzuri ikiwapita.

Mara ya tatu chukua kalamu ya rangi, weka jina pembeni ya kila mstari uliopiga. Palipokosa jina weka alama ya kuuliza. Alama mbili tatu za kuuliza kwenye ukurasa ni dalili kwamba unasoma kweli.

Hatua ya 3: Jaribio la kuondoa

Kwa kila ulichokitambua, andika sentensi ile upya kwa maneno ya kawaida. Kisha weka mbili hizo jirani.

*Upepo wa kusi ulibisha hodi usiku kucha.*
*Upepo wa kusi ulivuma usiku kucha.*

Kilichopotea ni nini? Katika ya pili hakuna mgeni mlangoni. Ya kwanza imemfanya upepo kuwa mtu anayetaka kuingia, na aliyemo ndani sasa ana uamuzi wa kufanya: afungue au asifungue. Hicho kilichopotea ndicho unachokiandika kwenye safu ya *Kazi*. Kama hakuna kilichopotea, basi ama umekosea kutambua, ama mwandishi ameweka pambo tu. Yote mawili hutokea, na una haki ya kusema hivyo hata mwandishi akiwa na jina kubwa.

Fanya jaribio hili kwa mifano 20 kabla ya kusonga mbele. Linachosha. Usiliruke.

Hatua ya 4: Tenganisha jozi zinazochanganya

*Tashibiha na sitiari.* Kanuni ya shule husema tashibiha ina "kama" na sitiari ina "ni". Kwa siku ya kwanza inatosha, ila kuanzia siku ya pili inapotosha. "Kama" ina kazi nyingi. *Alifika kama saa nne* ni kukadiria. *Kama utakuja, niambie* ni sharti. *Alifanya kazi kama karani* ni kutaja cheo. *Asha ni mrefu kama dada yake* ni ulinganishi wa kawaida, maana watu wawili wamepimwa kwa kipimo kimoja. Tashibiha huunganisha vitu vya jamii mbili tofauti: mkono na mkonge, hasira na tanuri. Tena haihitaji "kama" peke yake. Tafuta pia *mithili ya*, *mfano wa*, *sawa na*, *utadhani* na *ungedhani*.

Upande wa sitiari, "ni" ndiyo njia iliyo wazi zaidi: *Mzee Kombo ni mkonge, ukimkata leo, kesho anachipua.* Sitiari nyingi lakini hujificha kwenye kitenzi. *Maneno yake yalimchoma.* *Deni limemmeza.* *Habari zikachipua mtaa mzima.* Hakuna "ni" hapo, na ndiyo maana wanaoanza huzipita. Ukiona kitenzi kimepewa mtenda asiyestahili, simama.

Kuna na sitiari zilizokufa: *mguu wa meza*, *mdomo wa chupa*. Zilikuwa sitiari siku ya kwanza. Leo ni majina ya kawaida. Usizihesabu, isipokuwa mwandishi akizifufua makusudi, mathalani meza ikianza kuchechemea.

*Sitiari na tashihisi.* Tashihisi ni kukipa kisicho binadamu tabia ya kibinadamu. *Deni limemmeza* imelifanya deni mnyama, kwa hiyo ibaki sitiari. *Deni limemkalia kitako linamcheka* imelifanya mtu, basi ni tashihisi. Kwenye ngano ambamo sungura na fisi wanaongea mwanzo mwisho, taja tashihisi mara moja kama mtindo wa hadithi nzima. Ukiihesabu kila sungura anapofungua kinywa, utajaza daftari bila faida.

*Kejeli na kinaya.* Kejeli iko kwenye maneno: mtu anasema kinyume cha anachomaanisha ili amchome mwenzake. Abiria anafika stendi ya Kange basi likiwa linatoka, kondakta anamwambia, "Hongera, leo umewahi." Kinaya kiko kwenye tukio: mambo yanageuka kinyume cha yalivyotarajiwa. Fundi wa kufuli wa Barabara ya Nane anarudi nyumbani, anakuta ameibiwa kupitia mlango aliousahau wazi. Hakuna aliyemkejeli, hali yenyewe imefanya hivyo. Ukichanganyikiwa, uliza: ningeweza kumnukuu msemaji? Ukiweza, ni kejeli. Ukibaki unasimulia kilichotokea, ni kinaya.

*Takriri na kurudia ovyo.* Hapa jaribio la kuondoa ndilo hakimu. Ondoa neno lililorudiwa. Mapigo ya sentensi au uzito wake ukivunjika, ni takriri. Sentensi ikipata nafuu, mwandishi alikosa mhariri.

*Methali na tamathali.* Methali ni aina ya usemi, na tamathali inaweza kuwamo ndani yake au isiwemo. "Dau la mnyonge haliendi joshi" imebeba sitiari: dau ni shughuli za mtu asiye na uwezo. "Mchelea mwana kulia hulia yeye" inasema wazi inachosema. Ukiandika "mwandishi ametumia tamathali ya methali", msahihishaji ana haki ya kukukata.

Hatua ya 5: Toka kwenye sentensi, ingia kwenye masimulizi

Hadi hapa umekuwa ukitazama sentensi. Mbinu za masimulizi hutambaa kurasa kadhaa, na huzioni kwa kupigia mistari. Kila moja ina zana yake.

Kwa *kisengerenyuma*, yaani hadithi kurudi kwenye mambo yaliyotangulia, wengine husema mbinu rejeshi, andika matukio makuu ya hadithi kwa mpangilio uliosimuliwa na uyape namba. Kisha yapange yalivyotokea kwa kweli. Safu mbili zikilingana, 1-2-3-4, muundo ni wa msago. Ukipata kitu kama 3-1-2-4, umekipata kisengerenyuma na mahali kinapoanzia. Dalili kwenye lugha ni *alikuwa amekwisha*, *siku zile*, au hadithi inayoacha *-li-* ghafla na kuingia kwenye *hu-* ya mazoea ya zamani. Ukikuta mikondo miwili inapokezana, sura moja huku, moja kule, huo ni muundo wa rukia.

Kwa *taharuki*, fungua mwisho wa kila sura na uandike swali moja lililoachwa bila jibu. Sura isiyoacha swali haina taharuki hata kama imejaa risasi.

Kwa *nafsi ya msimulizi*, chukua aya iliyo katika nafsi ya kwanza uigeuze ya tatu: *ni-* iwe *a-*. Zitazame sentensi zinazokataa. *Sikujua kwamba ananidanganya* ikigeuzwa kuwa *hakujua kwamba anamdanganya* inaleta shida mbili: nani anamdanganya nani, na msimulizi amejuaje? Shida hizo ndizo zinakuonyesha kwa nini mwandishi alichagua nafsi aliyoichagua.

*Utomeleaji* ni rahisi: barua, shairi, wimbo au tangazo lililopachikwa katikati ya nathari. Uliza tu kwa nini jambo hilo halikusimuliwa kawaida. *Sadfa* nayo ni rahisi kuiona ila ni ngumu kuitetea. Kukutana kwa bahati mwanzoni mwa hadithi huanzisha tatizo na msomaji huvumilia. Kukutana kwa bahati mwishoni kunakotatua tatizo humfanya ajione ameibiwa.

Tahadhari ya majina: *mdokezo* ni kukatiza usemi na kuacha nukta tatu. Usiite mdokezo ile hali ya mwandishi kutupia jambo dogo ukurasa wa 5 litakalokuja kuwa kubwa ukurasa wa 90. Hilo liite dokezo la mapema.

Hatua ya 6: Tambua aina ya riwaya kwa swali lake

Kwanza ondoa mkanganyiko mmoja. Riwaya, hadithi fupi, tamthiliya na ushairi ni tanzu, yaani maumbo. Upelelezi, mapenzi, vitisho, historia, njozi ni aina ndani ya umbo. Ukiulizwa utanzu ukajibu "upelelezi", umejibu swali jingine.

Sasa, ukifika robo ya kitabu, simama. Andika swali moja tu ambalo lisipojibiwa utakitupa kitabu. Mara nyingi litaangukia hapa:

- *Nani amefanya, na itajulikanaje?* Upelelezi. Tendo limeshatokea, hadithi inarudi nyuma kulitafuta.
- *Je, atawahi kuzuia?* Riwaya ya kusisimua. Tendo liko mbele na saa inakimbia.
- *Je, watapatana?* Mapenzi.
- *Kuna nini humo gizani, na nani atatoka salama?* Vitisho.
- *Watu wa wakati ule waliishije na mageuzi yale?* Historia.
- *Dunia hii ina kanuni gani?* Njozi, au sayansi ya kubuni. Jambo lisilowezekana likikubaliwa bila maelezo ni njozi; likipewa sababu ya kisayansi, hata ya kubahatisha, ni sayansi ya kubuni.
- *Kwa nini jamii inamfanyia hivi?* Riwaya ya kijamii. Riwaya nyingi za Kiswahili zinazosomwa shuleni ziko hapa.

Jina la kitabu halikusaidii. *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, msikie mtu anayeisikia mara ya kwanza: atasema ni ya kutisha. Ni riwaya ya upelelezi; kuna mauaji na kuna mtu anayetumia akili kuyafumbua.

Mzimu nao peke yake hauamui. Mapango ya Amboni watu huyaendea kwa matambiko hadi leo, kwa hiyo mhusika anayepeleka ubani pangoni anaweza kuwa ndani ya riwaya ya kijamii kabisa. Tazama hadithi inaupokeaje mzimu. Wahusika wakiogopa na hofu ikiendesha kurasa, ni vitisho. Wakiongea nao kama jirani na hakuna anayeshangaa, unaelekea kwenye njozi. Ukiwa sehemu ya imani ya watu huku tatizo lenyewe ni ardhi au mirathi, baki kwenye jamii.

Kosa la upande wa pili ni kuishia kwenye njozi wakati kuna *istiara*, yaani hadithi nzima inayosimama badala ya jambo jingine. *Kusadikika* ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibamba hapa Tanga mwaka 1909, ilitoka mwaka 1951 na inahusu nchi iliyo angani. Ukiandika "njozi" ukafunga daftari, umeiacha hoja yake ya sheria na utawala, ambayo ndiyo iliyobeba kitabu. Jaribio la istiara: je, unaweza kuendelea kulinganisha nchi ile na dunia yetu sura baada ya sura, au ulinganisho unakufa baada ya tukio moja? Ukiendelea, ni istiara.

Hatua ya 7: Andika tukio moja kwa aina tofauti

Hii ndiyo hatua inayofundisha kuliko zote, ipe wiki nzima. Anza na maelezo makavu, maneno 30 hadi 50, bila tamathali hata moja:

*Basi liliingia stendi ya Kange saa kumi na mbili jioni. Abiria walishuka. Kondakta alipokagua viti alikuta mfuko mweusi chini ya kiti cha 17. Aliuinua. Ulikuwa mzito. Alitazama nje, abiria walikuwa wametawanyika.*

Sasa libadilishe bila kuongeza mtu mpya wala kupita maneno 60. Upelelezi:

*Kondakta aliugeuza mfuko. Kitakoni ulikuwa na udongo mwekundu ulioganda, bado mbichi, na basi lilikuwa limetoka Dar es Salaam kwa lami mwanzo mwisho. Alifungua orodha ya abiria. Kiti cha 17 hakikuandikwa jina.*

Kuna dalili mbili, zote msomaji anaziona sawa na kondakta. Hiyo ndiyo sheria ngumu ya upelelezi: mfichulie msomaji ushahidi, mfiche maana yake. Kosa la kawaida ni kuficha ushahidi wenyewe, kisha mwishoni mpelelezi anaibuka na barua ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Mapenzi:

*Tangu Segera alikuwa akitafuta sababu ya kumsemesha yule wa kiti cha 17. Sasa sababu ilikuwa mkononi mwake, nzito, na mwenyewe alikuwa ameshapanda bajaji.*

Mfuko umegeuka kizuizi na daraja kwa wakati mmoja. Mapenzi bila kizuizi ni tangazo la harusi.

Vitisho:

*Aliuweka mfuko kiti cha mbele, akageuka kuzima taa. Nyuma yake akasikia zipu ikifunguka, taratibu, jino kwa jino.*

Usiseme kilichotoka. Ukikitaja mapema, hofu hupungua hapo hapo. Kuandika "ilikuwa inatisha sana" nako hakumtishi mtu.

Kichekesho:

*Tangu Chalinze kondakta alikuwa akitangaza, "Chunga mzigo wako, gari halihusiki!" Aliufungua mfuko. Juu kabisa palikuwa na sare yake ya kesho.*

Hapo kimetumika kinaya kile kile cha hatua ya 4. Aina ya hadithi haina tamathali zake peke yake. Inazipa kazi tofauti.

Historia ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu vitu huvuja kutoka leo. Tuseme unalipeleka tukio mwaka 1914. Hakuna Kange wala basi. Mfuko utaachwa kwenye behewa la treni iliyotoka Moshi, maana reli ilikuwa imeshafika huko. Hakuna zipu, weka sanduku la bati au kikapu. Nauli ni rupia na heller, shilingi haijaja. Nchi iko chini ya Wajerumani na haijaitwa Tanganyika, jina lililokuja mwaka 1920 chini ya Waingereza. Tengeneza orodha ya vitu vyote vilivyotajwa kwenye aya yako, hata kibiriti, na uhakiki kimoja kimoja. Ukiamua kutumia vita vya Novemba mwaka huo hapa Tanga, wale nyuki waliowauma askari watakuvuta uwape sura nzima. Wape sentensi moja. Riwaya ya kihistoria husimama kwa mtu mwenye shida yake, na vita hupita pembeni.

Sayansi ya kubuni jaribu mwenyewe: mfuko ubadilishe uzito kila unapokaribia mlango. Kisha andika sababu kwa sentensi mbili. Ukishindwa kutoa sababu, umeandika njozi, na hilo pia si baya.

Hatua ya 8: Andika uchambuzi

Jibu zuri lina vitu vitatu kwa mpangilio wowote: maneno yenyewe, jina, kazi.

Dhaifu: *Mwandishi ametumia tashihisi. Mfano: "Upepo wa kusi ulibisha hodi." Tamathali hii inapamba lugha.*

Imara: *Tashihisi ya "upepo wa kusi ulibisha hodi" inaufanya upepo kuwa mgeni anayesubiri kufunguliwa, hivyo upweke wa mwanamke aliye ndani unaonekana kabla msimulizi hajautaja.*

"Inapamba lugha" ifute kwenye msamiati wako. Inaweza kuandikwa chini ya mfano wowote, ndiyo maana haisemi kitu.

Mambo yakikwama

*Naona tamathali kila sentensi.* Umeruka hatua ya 3. Rudi, na mifano isiyopoteza chochote ikiondolewa ifute bila huruma.

*Sioni hata moja.* Soma aya kwa sauti. Takriri, tanakali na tashtiti sikio huzikamata kabla ya jicho. Bado? Huenda aya ni kavu kweli, badilisha ukurasa.

*Mwalimu anatumia jina jingine.* Tashibiha wengine huandika tashbihi, mubalagha wengine huita chuku, tashihisi wengine huita uhuishaji. Neno istiara, vitabu vingine hulitumia kwa maana ya sitiari, kwa hiyo soma maelezo yao kwanza. Andika majina yote kwenye kadi moja, na kwenye mtihani tumia la kitabu chenu.

*Kifungu kimoja kina tamathali mbili.* Inawezekana sana. "Deni limemkalia kitako kama mkwe" ina tashihisi na tashibiha. Taja zote, kisha eleza ile inayobeba uzito.

*Riwaya ina mapenzi na mauaji, niiite nini?* Rudi kwenye swali la robo ya kitabu. Ondoa mapenzi kichwani: hadithi ikisimama, ni upelelezi wenye mapenzi ndani. Ikianguka, ni mapenzi yenye maiti.

*Hadithi yangu imejaa tamathali na watu wanasema inachosha.* Ruhusu tashibiha moja kwa ukurasa kwa wiki mbili. Usipunguze vitenzi, sitiari ya kitenzi hailemei. Halafu mpe mtu asome kwa sauti, wewe ukifuata na penseli, na kila anapojikwaa weka alama. Tamathali iliyopata alama mara mbili itoke.

*Kikundi kinabishana nusu saa juu ya mfano mmoja.* Kila upande uandike sentensi yake ya safu ya *Kazi*. Mara nyingi mtakuta mnakubaliana kuhusu kazi na mnagombania jina tu. Andikeni majina yote mawili, mwendelee na mfano unaofuata.